Faharasa ya majarida ya zamani: namna ya kuyafanya yatafutike kwa simu

Msikilizaji mmoja alituuliza swali hili. Baba yake, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa akiwasimulia watoto kwamba miaka ya 1980, alipokuwa akiishi Temeke, barua yake iliwahi kutoka kwenye jarida. Familia haijui toleo gani wala mwezi gani. Je, wanaweza kuipata?

Jibu fupi ni kwamba inawezekana, iwapo mambo mawili yapo. Kwanza, nakala ya jarida hilo iwe bado ipo mahali fulani. Pili, awepo mtu aliyekaa chini akaorodhesha yaliyomo ndani yake. Orodha hiyo huitwa faharasa. Makala hii inaeleza faharasa ni nini, inatengenezwaje, na namna wewe mwenye boksi la majarida chini ya kitanda unavyoweza kuanza, hata kama una simu tu.

Faharasa ni nini?

Watu wengi huchanganya vitu vitatu.

Cha kwanza ni orodha ya maktaba, yaani katalogi. Hiyo inakuambia kwamba jarida fulani lipo, matoleo mangapi, na liko kwenye kabati gani. Haikuambii ndani yake mna nini.

Cha pili ni skani, yaani picha za kurasa. Ukiwa na picha za kurasa 32 unaweza kusoma jarida zima, lakini usipojua unachotafuta kiko ukurasa gani itabidi ufungue picha moja baada ya nyingine.

Cha tatu ni faharasa. Hii ni orodha ya kila kilichomo: kila hadithi, barua, shairi, katuni na tangazo, pamoja na namba ya toleo na ukurasa wake. Faharasa ikiingizwa kwenye kompyuta kwa mpangilio maalumu inakuwa kanzidata. Ukiandika neno moja, inakuletea mistari yote yenye neno hilo.

Kwa msikilizaji anayenunua bando la siku, tofauti ni kubwa. Tuchukue jarida la kurasa 32. Kama picha ya kila ukurasa ni MB 1, jarida zima ni MB 32. Faharasa ya jarida hilohilo, tuseme mistari 25 yenye herufi 200 kila mmoja, ni herufi 5,000 tu, sawa na KB 5 hivi. Hiyo inafunguka hata pale mtandao unaposuasua. Unatafuta kwanza kwenye faharasa, kisha unaomba picha ya ukurasa mmoja unaouhitaji.

Mfano kutoka majarida ya gemu

Watu wanaofanya kazi hii kwa bidii sana duniani ni wapenzi wa gemu za video. Vijana wanaocheza mpira wa PlayStation kwenye vibanda vya Mbagala, Tandika au Mwananyamala huenda wasijue kwamba zamani gemu zilikuwa na majarida yake. Uingereza lilianza Computer and Video Games mwaka 1981. Japani lilianza Famitsu mwaka 1986. Marekani, Nintendo Power lilitoka kuanzia 1988 hadi 2012.

Majarida hayo yalikuwa na siri za kuvuka hatua ngumu, ramani, bei, mahojiano na watengenezaji, na habari za gemu zilizotangazwa lakini hazikuwahi kutoka. Kampuni nyingi zilizotengeneza gemu hizo zimeshakufa. Utafiti wa Video Game History Foundation, taasisi ya Marekani ya kuhifadhi historia ya gemu, uliotolewa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizowahi kutolewa nchini humo haziuzwi tena kwa njia ya kawaida. Gemu yenyewe ikishapotea, ushahidi kwamba iliwahi kuwepo, nani aliitengeneza na iliuzwa shilingi ngapi, hubaki kwenye karatasi za jarida.

Mwezi Januari 2025 taasisi hiyo ilifungua maktaba yake ya mtandaoni ikiwa na matoleo zaidi ya 1,500 ya majarida ambayo hayachapishwi tena, na mtu yeyote anaweza kutafuta neno ndani yake. Kwa hiyo mtu anayetafuta jina la mchoraji wa gemu ya mwaka 1989 analipata kwa dakika moja, badala ya kupekua maboksi kwa wiki nzima.

Wengi walioanzisha kazi ya kuhifadhi majarida haya hawakuwa wasomi wa maktaba. Walikuwa wasomaji waliotunza nakala zao. Ndiyo maana mfano huu unatuhusu.

Kwetu kuna nini cha kuorodheshwa?

Kwetu, majarida yaliyopita mkono kwa mkono hadi jalada likachanika yalikuwa ya katuni, hadithi za picha, riwaya za kuendelea na michezo.

Tukirudi nyuma kabisa, Mambo Leo lilianza kutoka Dar es Salaam mwaka 1923, likichapishwa na idara ya elimu ya serikali ya kikoloni. Lilikuwa na mashairi, barua na habari kutoka miji na wilaya mbalimbali. Shaaban Robert ni miongoni mwa washairi waliochapishwa humo. Wapo wazee wa vijijini ambao majina ya babu zao yamo kwenye kurasa hizo, na wajukuu hawajui.

Baada ya uhuru, Faraji Katalambulla, mwandishi wa riwaya ya Simu ya Kifo iliyotoka mwaka 1965, aliendesha Film Tanzania, jarida la hadithi za picha ambamo watu wa kawaida walipigwa picha wakiigiza. Gazeti la Uhuru lilikuwa na katuni ya Chakubanga, iliyochorwa na Christian Gregory. Miaka ya 1970 likaja Sani. Jina hilo limetokana na majina ya waanzilishi wake, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo: "Sa" ya Saidi na "Ni" ya Nico. Humo ndimo Watanzania walipowafahamu Ndumilakuwili, Lodilofa, Kipepe, Pimbi na Madenge. Miaka ya 1990, vyombo vya habari vya watu binafsi vilipoongezeka, wakaja wengine, akiwemo Kingo wa James Gayo.

Wahusika hawa wanajulikana hadi leo. Ukimwita mtu Ndumilakuwili anaelewa unamsema nini. Lakini waulize watu kumi ni nani aliyewachora, na pengine hutapata jibu. Philip Ndunguru, mmoja wa wachoraji waliojenga sura ya Sani, alifariki dunia mwaka 1986 akiwa bado kijana. Kazi zake zimetawanyika kwenye matoleo ambayo mengi yameishia kufungia karanga na vitumbua. Bila faharasa, hakuna anayeweza kusema alichora kurasa ngapi, kuanzia toleo gani hadi toleo gani. Faharasa humrudishia mchoraji jina lake.

Kila mstari uandikwe nini?

Kanuni ni moja: kitu kimoja, mstari mmoja. Hadithi ni mstari, barua ni mstari, katuni ni mstari. Kila mstari uwe na nafasi hizi, kwa mpangilio uleule kila mara:

1. Jina la jarida, kama lilivyo jaladani.
2. Namba ya toleo.
3. Tarehe, na namna ulivyoijua. Kama imeandikwa, andika "imeandikwa". Kama umekisia, andika "makisio".
4. Ukurasa wa kuanzia na wa kuishia.
5. Aina: hadithi, hadithi ya kuendelea, katuni, shairi, barua, tangazo, chemsha bongo, picha.
6. Kichwa cha habari, neno kwa neno.
7. Mwandishi, mchoraji au mpiga picha, kama alivyojiandika.
8. Mahali panapotajwa.
9. Maneno matatu hadi matano ya kutafutia.
10. Nakala iliko na hali yake: nzima, imechanika, au kurasa fulani hazipo.

Mfano wa kufikirika ni huu: Toleo 14, Machi 1986 (imeandikwa), uk. 9, barua ya msomaji, "Nauli ya kivuko imetuelemea", jina la aliyeandika, Kigamboni, kivuko, nauli, wanafunzi, nakala ipo Mbagala, jalada halipo.

Hadithi za kuendelea zinahitaji uangalifu. Andika ni sehemu ya ngapi. Ukiona sehemu ya 3 na ya 5 lakini ya 4 haipo, iandike kwamba haipo. Mtu mwingine mwenye toleo hilo akisoma faharasa yako atajua kwamba analo pengo lenu mikononi mwake.

Usiruke matangazo. Tangazo la redio ya mkulima, baiskeli au sabuni, pamoja na bei yake, husaidia kujua mwaka wa toleo lisilo na tarehe. Bei ya jarida lenyewe jaladani nayo ni dalili nzuri.

Mambo ya Kiswahili yanayoweza kukukwamisha

Programu nyingi za kutafutia zimetengenezwa kwa lugha ambazo neno hubadilika mwishoni. Kiswahili hubadilika mwanzoni. Ukiandika "mvuvi", kompyuta haitakuletea "wavuvi". Ukiandika "gazeti" inaweza kukuletea na "magazeti", kwa sababu neno "gazeti" limo ndani yake, lakini "kivuko" haipo ndani ya "vivuko". Dawa yake ni rahisi: kwenye nafasi ya maneno ya kutafutia, andika umoja na wingi. Mtafutaji naye anaweza kuandika shina tu: "vuvi" italeta mvuvi, wavuvi na uvuvi kwa pamoja.

Tatizo la pili ni tahajia ya majina. Mhusika mmoja anaweza kuandikwa Lodilofa mahali pengine na Lodi Lofa kwingine. Katalambulla huandikwa kwa "l" mbili au moja. Usisahihishe kichwa cha habari kilichochapishwa, kiache kama kilivyo. Badala yake, tengeneza orodha ndogo pembeni ya majina makuu: "Lodi Lofa, tazama Lodilofa". Fanya hivyo hata kwa majina ya kubuni ambayo waandishi hutumia.

Tatizo la tatu ni majina ya mahali. Dar es Salaam ya leo si ya mwaka 1986. Wakati huo wilaya zilikuwa tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Katikati ya miaka ya 2010, Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke. Kwa hiyo barua ya zamani iliyosainiwa "Kimara, Kinondoni" leo inahusu Wilaya ya Ubungo. Andika yote mawili: jina lililochapishwa na jina la sasa. Huko mikoani ni vivyo hivyo, kwa kuwa wilaya na mikoa mingi imegawanywa. Anayetafuta habari za kijiji chake atatumia jina la leo.

Je, simu haiwezi kusoma yenyewe?

Ipo teknolojia ya kompyuta kusoma maandishi kwenye picha, na simu nyingi za kisasa zinayo. Inasaidia kwa kurasa zilizochapishwa vizuri, maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe. Kwa majarida yetu, mara nyingi inashindwa. Karatasi zimegeuka rangi, wino umefifia, na maandishi mengine yamewekwa juu ya picha. Maneno yaliyomo kwenye vidoto vya katuni yameandikwa kwa mkono. Herufi "m" husomwa kama "r" na "n" zilizobanana, na alama ya juu katika "ng'ombe" hupotea.

Kwa hiyo iache mashine isome hadithi ndefu, lakini kichwa, jina na ukurasa viandikwe na mtu. Ukiandika kwa simu, zima kwanza kisahihishaji cha maneno. Vinginevyo kitakubadilishia maneno ya Kiswahili kuwa ya Kiingereza bila wewe kugundua.

Majina ya watu na sheria

Hapa ndipo penye uzito. Majarida ya zamani yalikuwa na kurasa za marafiki wa kalamu: jina, umri, sanduku la posta, mambo ninayopenda. Yalikuwa pia na safu za ushauri ambamo watu walieleza ugonjwa au matatizo ya ndoa. Binti aliyeandika akiwa na miaka 17 leo anaweza kuwa bibi mwenye wajukuu. Alikubali jina lake lisomwe mwezi ule na wanunuzi wa jarida. Hakukubali litokee kila mtu anapoliandika kwenye simu.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo tume inayoisimamia. Busara ni hii: ukurasa wa marafiki wa kalamu uandikwe kama mstari mmoja, "marafiki wa kalamu, uk. 27", bila majina wala anwani. Safu ya ushauri iandikwe mada tu. Barua ya maoni iliyosainiwa kwa jina kamili ni kitu tofauti. Mwandishi alisimama hadharani kutoa hoja yake, kama waandishi wa makala na mashairi, kwa hiyo jina linaweza kuingia.

Kuhusu hakimiliki, sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Faharasa ina taarifa tu: kichwa, jina, ukurasa. Kuziorodhesha si kunakili kazi ya mtu. Lakini kupiga picha hadithi nzima na kuisambaza kwenye makundi ya WhatsApp ni jambo jingine, na linahitaji ruhusa ya mwenye kazi au familia yake. Ukiwa na shaka, COSOTA ndiyo ofisi ya kuuliza.

Namna ya kuanza nyumbani

Nilijaribu kazi hii kwa boksi la mjomba wangu huko Mbagala. Toleo la kurasa 32 lilinichukua saa mbili hivi mwanzoni, na kwa wiki ya tatu nilikuwa natumia saa moja. Kosa langu lilikuwa kuandika yote kwenye simu moja bila kuhifadhi pengine. Simu iliingia maji, na kazi ya siku kumi ikapotea. Jifunze kwangu:

- Osha mikono, ikauke. Usilambe kidole kufunua kurasa.
- Usitumie gundi ya karatasi wala plasta kuunga palipochanika. Weka toleo kwenye bahasha safi.
- Toa pini zilizoshika kutu taratibu, au ziache kama zimeganda.
- Panga matoleo kwa namba kabla ya kuandika neno lolote.
- Anza na daftari lenye mistari kama huna kompyuta. Nafasi zile kumi, kila moja na safu yake.
- Ukihamia kwenye Excel au Google Sheets, jina la kila safu libaki lilelile hadi mwisho.
- Kila Jumamosi tuma nakala ya faili kwa mtu mwingine, au ijitumie kwa barua pepe.
- Mpe mtu wa pili akague mistari kumi kwa kulinganisha na jarida. Akikuta makosa mawili, rudi uanze kukagua yote.
- Hifadhi boksi mahali pakavu, juu ya sakafu. Panya, mchwa na maji ya mvua huwahi kuliko mtafiti.

Shule na vilabu vya vijana vinaweza kugawana: kila mmoja toleo moja. Wazee wawepo karibu, kwa sababu wao ndio wanaojua jina la kubuni lilikuwa la nani.

Pa kuuliza

Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed jijini Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Iko chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, ambayo kwa sheria hupokea nakala za machapisho yanayotoka nchini, na ina maktaba za mikoa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina sehemu ya maktaba yenye mkusanyiko wa Afrika Mashariki. Nyaraka za Taifa ziko Upanga, na Zanzibar ina nyaraka zake. Kabla ya kuuza majarida kwa kilo, uliza kwanza kwenye maktaba ya mkoa wako kama toleo ulilonalo wao wanalo.

Na ile familia je?

Tuliwashauri waandike mambo manne kabla ya kuanza kutafuta: jina la baba kama alivyokuwa akilisaini, pamoja na jina la utani, miaka aliyoishi Temeke na mtaa aliokaa, majarida aliyokuwa akinunua, ambayo ndugu na majirani wanaweza kuyakumbuka, na jambo aliloandikia barua. Jina peke yake halitoshi. Jina, mtaa, miaka na mada vikikutana kwenye mstari mmoja wa faharasa, barua inapatikana.

Kwa sasa mstari huo haujaandikwa na mtu yeyote. Huenda toleo lenyewe liko nyumbani kwako. Kama una majarida ya zamani, usiyachome wala usiyafungie karanga. Yafungue, andika mstari wa kwanza, na utuambie una matoleo namba ngapi.